Siku Nilipoidanganya Pikapu Ukubwa wa Matairi

Najua Bosco ameshawasimulia, na Bosco akisimulia huongeza chumvi mpaka mboga hailiki, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi niliyekuwa nyuma ya usukani. Ni kweli. Siku nilipokwenda Katy, kando ya Houston, kumposa Nyambura niliangusha sanduku la barua la baba yake mbele ya akina mama waliokuwa wakituimbia, na wala sikuliangusha kwa mbio za kijana mwenye kiburi, hapana, nililiangusha polepole, kwa adabu kabisa, wote wakiona linavyogongwa na mimi pia nikiona, na hakuna aliyeweza kufanya lolote.

Tuanze na pikapu yenyewe. Ni kuukuu kuliko baadhi yenu mlioketi hapa, niliinunua ikiwa injini imekufa, nikaivutia kwenye gereji ya Bosco kule Irving, huku huku Texas (Bosco ni Mkongo tunayesali naye, mchana anafanya kazi kwenye ghala la karibu na uwanja wa ndege, na ana moyo wa kumkubalia mtu kama mimi kumwaga oili sakafuni mwake). Tukaipa injini ya gari jipya zaidi lililogongwa, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki. Sasa, giaboksi hizi za siku hizi haziamui kitu zenyewe, husubiri kompyuta ya gari iziambie badilisha gia, na pikapu yangu ilizaliwa kabla ya mambo ya kompyuta. Kwa hiyo unanunua kompyuta ndogo ya kando, ya gia peke yake, kama Biblia ya mfukoni hivi, unaifunga chini ya dashibodi, unaunganisha waya, halafu unaieleza kwa tableti kwamba matairi yangu ni makubwa kiasi hiki. Ikishajua ukubwa wa tairi inahesabu mwendo, na ikishajua mwendo inaamua saa ya gia ya pili, ya tatu, ya nne. Mimi niliiita mwalimu wa zamu, maana kazi yake ni kupiga kengele na darasa linasogea. (Mimi ni nesi, msisahau. Nilijifunza haya yote kwa kutazama video nikiwa nimevaa nguo za kazini.)

Na ilitembea! Ilibadilisha gia laini kama mtu anayegeuza chapati. Ningeiacha hivyo hivyo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Shida ni kwamba baba yake Nyambura hakuwa na imani nami. Alimwambia binti yake, naye akaniambia kwa simu akijaribu kulainisha, "Mtu wa umri wake bado anacheza na vyuma chakavu? Hicho kitu kitawahi kwisha?" Kisha akatuma neno kwamba tukija kuposa nije na hiyo pikapu, anataka kuona kama kijana huyu hufikisha jambo analolianza. Mnaelewa? Haukuwa mwaliko, ulikuwa mtihani, na cheti chake kilikuwa Nyambura.

Baba yangu akaja kutoka Machakos kwa ajili ya shughuli hiyo. Nilimpokea uwanjani na gari langu dogo, na kwenye barabara kuu akainama, akautazama mshale wa mwendo kwa muda mrefu, akasema, "Kyalo, barabara pana hivi na wewe unakwenda sitini?"

"Baba, hizo ni maili. Huku hawahesabu kilomita."

"Mutua wa kwetu, muuza makaa, anakwenda themanini, na lori lake halina breki."

Nikamweleza maili na kilomita mpaka tukafika nyumbani, akasema sawa, kwa ile sauti yake ya kusema sawa. Iliniuma, nawaambia. Mtu anasafiri bahari na mabara kuja kuona mtoto wake amefika wapi, na anachokiona ni sitini.

Jioni ya kuamkia safari nikaenda gereji kwa Bosco na wazo. Mwendo wa pikapu unaonekana kwenye tableti niliyoibandika pale dashibodini, namba kubwa za kijani. Nikatafuta mahali pa kugeuza maili ziwe kilomita, sikupaona (palikuwepo, kwenye ukurasa wa pili, lakini hayo niliyajua baadaye, kama kawaida yangu). Basi nikafanya ujanja: nikaiambia kompyuta kwamba matairi ni makubwa kuliko yalivyo, kiasi kwamba ikihesabu mwendo namba itoke ileile ya kilomita. Sitini ikawa karibu mia. Nilijipongeza kwa sauti.

Bosco alikuwa amekaa juu ya ndoo. "Ndugu, motokari inatembea bien. Juu ya nini unaigusa tena?"

"Ni kwa ajili ya mzee wangu."

"Mzee anataka kufika tu. Hakuomba chiffres, hizo namba."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilijua fika kwamba mwalimu wa zamu atadhani tunakimbia na atapiga kengele mapema, lakini nikajiambia, safari nzima ni barabara kuu, huko tutakuwa kwenye gia ya juu muda wote, gia ikiingia mapema tutaokoa petroli. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu.

Tukaondoka asubuhi, mimi na baba mbele, nyuma tumepakia kreti za soda na mablanketi ya akina mama chini ya turubai, Bosco akitufuata na gari lililojaa watu wa kanisa. Na njia yote ilikuwa raha. Injini inanguruma taratibu, baba amevaa suti ya kijivu, mimi nimevaa tabasamu.

"Baba, ona. Mia."

"Mmh."

"Sasa mia na kumi!"

"Naona," akasema, akitazama mbele. Mara kwa mara aliniuliza ubao ule wa barabarani umeandikwa nini, nami nikamsomea kila mmoja, nikidhani ananipima kama niko macho, kama alivyokuwa akinisomesha zamani.

Tulipotoka kujaza mafuta katikati ya safari pikapu ilitetemeka kidogo. Bosco akanipigia simu. "Ndugu, inatikisika sana." Nikamwambia injini bado baridi. Jua la Texas, tumeendesha asubuhi nzima, na mimi nasema injini bado baridi.

Katy ndiko nilikovuliwa nguo. Mnaijua mitaa ile, nyumba mpya, nyasi zimenyolewa, kila kona kibao cha kusimama, na unakwenda mwendo wa watoto wa chekechea. Sisi tunajikokota, lakini mwalimu wa zamu anaamini tunapaa, kwa hiyo kengele, kengele, kengele, wote gia ya nne! Injini ikabebeshwa mzigo isioweza, ikaanza kutetemeka, kreti zikalia nyuma kama vyombo vya harusi, baba akaikamata kofia yake. Kibao cha kwanza nikakanyaga breki, injini ikazima. Nikawasha. Kibao cha pili, ikazima tena. Nikamwambia baba petroli ya Houston si nzuri. Akasema, "Mmh." Kuibadilisha ile namba ilitaka nisimame nitulie na tableti, lakini shangazi Mwikali, msemaji wetu anayeishi Sharpstown, hapo Houston, alikuwa ameshatupokea kwenye kona na alikuwa mbele yetu akipiga honi ya furaha, na kuchelewa kwa wakwe ni faini. Nikaona bora tumalizie hivyo hivyo.

Akina mama wa kwao Nyambura walikuwa wamenyoosha leso kuziba njia ya kuingilia, wanaimba, wanacheza, na mzee mwenyewe kasimama mlangoni, mikono nyuma, macho kwenye pikapu. Nilitaka kuingia kwa madaha. Nikakata kona, nikagusa breki, na injini ikakohoa, ikazima, na mkinielewa, injini ikizima usukani unakuwa mzito kama jiwe na breki zinagoma. Pikapu ikaendelea na safari yake. Ikapanda nyasi. Ikalifikia sanduku la barua, ikaligusa, na sanduku likalala chali kama mtu aliyechoka. Ndipo tukasimama.

Wimbo haukukatika! Mama mmoja akaongeza ubeti palepale, kwamba wageni wetu wamebisha hodi kwa kishindo, na wenzake wakamwitikia.

Jirani mmoja, mzungu mwenye kaptula, akazima maji ya kumwagilia. "Y'all need a hand?" Ndiyo, msaada tulihitaji. Bosco akaja, wanaume wa kanisa wakaja na viatu vyao vya kung'aa, na kwenye kioo cha pembeni nikamwona baba yake Nyambura akivua koti, akimpa mtu, akiweka mikono juu ya pikapu yangu na kusukuma. Baba yangu alibaki amekaa mbele kwa amri ya shangazi. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ile ardhi imetunzwa vizuri sana, isingepasuka.

Ndani, baada ya sala, mwenye nyumba akachukua chupa ya kwanza ya soda tuliyoleta ili afungue kinywaji cha wageni. Mnakumbuka kreti zilivyotikiswa. Soda iliruka mpaka darini, ikarudi, ikamwogesha shati jeupe kuanzia kola. Kule kwenye korido nikamwona Nyambura amejifunika uso kwa shali, mabega yanatikisika. Nikajua analia, nikajua yameisha. Moyo uliniuma mpaka nikasahau aibu. (Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka leo.)

Mzee akajipangusa, akaketi. "Kabla ya mengine yote. Kijana, hilo gari lina ugonjwa gani?"

Kwa desturi bwana harusi hasemi, na shangazi Mwikali alikuwa ameshanikanyaga mguu na kuanza, "Wakwe zetu, safari ni ndefu, mafuta ya siku hizi..." Neno la uongo lilikuwa tayari mezani, lilelile nililokuwa nalo mdomoni mimi mwenyewe njia nzima. Lakini nikaiangalia ile soda inavyodondoka kutoka darini, nikachoka. Nikasema yote. Kwamba pikapu ni nzima. Kwamba niliidanganya ukubwa wa matairi ili isome kilomita, ili baba yangu aone namba mia. Baba yangu alikuwa anatazama kikombe chake.

"Kwa hiyo gari halina kosa," mzee akasema.

"Halina, baba."

"Wewe ndiye uliyeliambia uongo."

"Ndiyo."

Akafikiri. "Basi nenda ukaliambie ukweli. Sisi tutangoja."

Nikatoka na tableti, shati limenigandia mgongoni, nikarudisha namba ya tairi kama ilivyokuwa. Nilipoinua macho, mzee alikuwa anafungua mlango wa abiria. Akapanda, na shati lake la soda, akafunga mkanda. Tukazunguka mtaa mzima. Gia ya kwanza, ya pili, laini, ya tatu, laini. Tukasimama kwenye kila kibao na injini ikabaki inanguruma. Tuliporudi mbele ya nyumba yake akanyoosha kidole.

"Hilo sanduku utalisimamisha kabla hujaondoka."

"Nitalisimamisha, baba."

Akashuka, akaingia ndani, nikamsikia akiwaambia wazee, "Haya, tuendelee." Nilikaa kidogo peke yangu mle ndani ya pikapu, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka tena kitu kingine cha kusimuliwa.

Tulilala Sharpstown kwa shangazi, na kesho yake baada ya ibada tukarudi Irving, mimi na baba. Tukaishika barabara kuu. Halafu akauliza, "Sasa inasema ngapi?"

"Sitini na tano. Si unaona hapo."

"Sioni. Miwani yangu niliiacha kwako juu ya friji. Sikutaka wakwe wanione mzee."

Ilibidi nishike usukani kwa mikono miwili. "Baba. Na ile mia? Na mia na kumi? Ulisema unaona!"

"Nilikuwa naona meno yako," akasema. "Mtu akifurahi namna ile utamwambia huoni?"

Nikacheka mpaka pikapu ikayumba kidogo, naye akacheka, akavua kofia akaiweka magotini. Baadaye akaniuliza, "Hiyo sitini na tano ni zile maili zenu?" Nikamwambia ndizo. "Basi inatosha," akasema, akalala.

Sanduku la barua limesimama, nililichimbia mwenyewe kwa saruji. Na nimeapa, mbele yenu na mbele ya Bosco anayejifanya hasikii: matairi ya pikapu ile yatabaki na ukubwa wake, na siku nyingine nikitaka kumwonyesha mtu kitu, nitamwuliza kwanza kama amevaa miwani.