Kathiravan Alivyomsingizia Zohali

Katika mtaa wao wa Coimbatore, Kathiravan alijulikana kwa jambo moja: alikuwa karibu kufanya mtihani. Karibu hiyo ilikuwa imetimiza miaka mitatu.

Mtihani wenyewe ni ule wa kuingilia shahada ya pili ya biashara. Hauna siku maalumu. Unachagua mwenyewe siku na saa, unakaa mbele ya kompyuta, na ukimaliza tu alama zako zinatokea hapo hapo kwenye kioo. Wengi huona hiyo ni neema. Kwa mwoga ni balaa, maana hakuna wa kumsukuma.

Na Kathiravan, tuseme kweli, alikuwa mwoga. Alikuwa na miaka thelathini na moja, injinia katika kiwanda cha pampu za maji, na tangu darasa la kwanza hadi la mwisho hakuwahi kuwa wa pili. Picha yake bado imetundikwa kwenye ukumbi wa shule aliyosoma. Akina mama wa mtaani waliwagombeza watoto wao kwa jina lake: "Mwone Kathiravan, yeye alikuwa analala saa ngapi?" Mtu aliyebebwa juu namna hiyo hajifunzi kuanguka. Alipofanya jaribio la kwanza nyumbani akapata alama za katikati, alidhani amekosea kusahihisha. La pili likawa baya zaidi. Hakumwambia mtu. Aliona ni heri aitwe mtu ambaye hajafanya kuliko mtu aliyefanya akashindwa.

Wakati huo mama yake, Visalakshi, alikuwa ameshakwenda kwa Mzee Nagalingam mnajimu kumtafutia siku njema. Baba yake mzee huyo ndiye aliyeandika daftari la nyota la Kathiravan alipozaliwa, na mzee mwenyewe ndiye aliyesoma nyota za nyumba ile tangu hapo. Alichagua Alhamisi moja, saa nne kamili asubuhi.

Wiki moja kabla ya Alhamisi hiyo, Kathiravan alirudi kutoka kazini uso umemshuka.

"Amma," alimwambia mama yake, "nimekutana na Mzee Nagalingam kituo cha basi. Anahamia Hosur kwa mwanawe. Amesema amelipitia tena daftari langu. Nisiende."

"Usiende? Kwa nini?"

"Zohali ameniingilia, ile sayari ya mikosi. Miaka miwili na nusu, nisiguse jambo lolote kubwa."

Mzee kuhama alikuwa amehama kweli. Mengine yote Kathiravan aliyatunga kwenye pikipiki, kati ya kiwanda na nyumbani. Na uongo ule ulishika kwa sababu moja ya ajabu: maisha yake yote alikuwa akiwacheka wanajimu, akiwaita wauza hofu. Visalakshi akajiambia, ikiwa hata huyu ameamini, basi jambo lenyewe ni zito. Wala hakutafuta mnajimu mwingine. Kwao daftari la nyota halihamishwi hivi hivi. Ni kumtukana aliyeliandika. Na simu haikuwa na faida, kwani Mzee Nagalingam alikuwa na uziwi, ukimpigia anakuambia "asante, na wewe pia," halafu anakata.

Mwezi wa kwanza Kathiravan alilala usingizi mnono. Watu walipomuuliza kuhusu mtihani, alitikisa kichwa kama mgonjwa mwenye cheti. "Zohali," alisema, nao wakamhurumia.

Kisha zikaja Jumamosi.

Jumamosi ni siku ya Zohali, na Visalakshi hakuwa mama wa kukaa akamwacha Zohali amchezee mwanawe. Aliamka alfajiri, akafunga ufuta kwenye kitambaa cheusi, akaenda hekaluni kuwasha taa ya mafuta ya ufuta. Akazunguka sanamu za sayari tisa mara tisa, peku, kwenye sakafu ya mawe. Siku hiyo hakula chakula cha usiku. Hata kahawa hakugusa, na kwa mwanamke wa Coimbatore bora umnyime pumzi. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama embe bovu.

Kathiravan ndiye aliyempeleka kwa pikipiki. Alibaki mlangoni akilinda ndala za mama yake, akimtazama anavyozunguka: raundi ya nne anashika nguzo, raundi ya sita anasimama, anajifanya anasali, kumbe anasubiri maumivu yapite. Siku moja jirani mmoja alimpiga Kathiravan bega, akasema, "Mwana mwenye mama kama huyu hawezi kushindwa." Kathiravan akaangalia chini. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka, naye hakuwa na pa kuipeleka.

Jumamosi hiyo alijaribu. Waliposimama nje ya geti alisema, "Amma, tuache sasa."

"Tuache nini?"

"Haya mambo ya Jumamosi. Magoti yako yanaisha."

"Magoti ni yangu, Zohali ni wako. Kila mtu ashughulike na chake. Washa pikipiki."

Akawasha. Ukweli ulikuwa umefika kooni, ukarudi ulikotoka.

Kulikuwa na mwingine aliyelipia uongo ule, naye ni Poongodi, dada yake mdogo, mfanyakazi wa benki mwenye miaka ishirini na sita na ulimi kama wembe. Vile vitabu vya mtihani vya Kathiravan alikuwa amevimaliza mara mbili, alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Alitaka kufanya yeye. Lakini Visalakshi alikuwa ameshakata shauri: katika nyumba hii mkubwa hutangulia. Mdogo akimpita kaka yake aliye kwenye nuksi, nuksi itamkaa kaka milele.

"Huyo Zohali hana likizo?" Poongodi aliuliza siku moja wakila. "Hata sisi benki tunapewa Jumapili."

"Chunga mdomo wako," mama yake akasema.

"Kaka, wewe mwambie. Mwambie Amma nifanye tu."

Kathiravan alimega kitumbua cha mchele, akakichovya, akakitafuna muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Haraka haraka haina baraka," alisema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Poongodi akajibu, akanyanyuka na sahani yake.

Miaka miwili na ushei ikapita hivyo. Halafu mjukuu wa Mzee Nagalingam akaolewa pale pale Coimbatore, na mzee akarudi kwa harusi. Jumapili asubuhi, Poongodi akiwa amekwenda sokoni, mwavuli wa mzee ukabisha mlangoni mwao.

Kathiravan alikuwa anapiga pasi shati. Alipoisikia ile sauti alitamani sakafu ipasuke. Mama yake alikuwa ameshamkalisha mgeni, ameshaleta kahawa, na sasa analeta daftari la nyota limefungwa kwa uzi wa manjano.

"Mzee!" alipaza sauti, kwa sababu ya uziwi, hata mtaa mzima ungeweza kusikia. "Zohali anamwachia lini mwanangu? Ulisema miaka miwili na nusu! Nimehesabu, imebaki miezi mitatu!"

Mzee Nagalingam alivaa miwani. Alipekua daftari, akarudi nyuma kurasa mbili, akapeleka kidole mstari kwa mstari.

"Zohali gani?" alisema. "Zohali alimwacha huyu akiwa na miaka ishirini na minne. Mimi nilikupa Alhamisi, saa nne. Siku nzuri kabisa ile. Kwani hakwenda?"

Pasi ilikuwa juu ya shati, na Kathiravan hakuiondoa. Mzee alinyanyua macho, akamwona kijana amesimama vile, akaanza kuelewa. Visalakshi naye akageuka, akamtazama mwanawe. Hakuhitaji kuuliza. Uso wa Kathiravan ulikuwa umeshakiri.

Yule mama alikuwa hajui kusema uongo. Hata bei ya nyanya alikuwa anaisema ilivyo. Lakini alimgeukia mgeni wake, akacheka kidogo.

"Ah, ni uzee, mzee wangu. Nimechanganya. Aliyeingiliwa na Zohali ni mtoto wa kaka yangu wa Madurai. Huyu wangu alikuwa na kazi nyingi tu kiwandani. Kahawa inapoa, kunywa."

Mzee akanywa, naye akajifanya amesadiki. Chumba kikanuka nguo iliyoungua.

Mgeni alipoondoka, Kathiravan alingoja matusi. Alingoja hata kofi. Angelipokea kwa mikono miwili. Visalakshi alikusanya vikombe, akaviosha, akavipanga. Akapita mbele yake mara mbili bila kumtazama, akiburuza ule mguu wa kulia.

Poongodi aliporudi na kikapu chake, mama yake alimwambia jikoni, "Chagua siku yako ya mtihani."

"Mimi? Na Zohali wa kaka?"

"Ameondoka."

"Lini?"

"Leo. Mzee amepita hapa."

Poongodi akatupa kikapu, vitunguu vikatawanyika. Alikuja sebuleni mbio, na kabla Kathiravan hajajua la kufanya, binti akainama akagusa miguu yake kwa mikono miwili, kama mdogo anavyoomba baraka kwa kaka yake kabla ya jambo kubwa.

"Kaka, nibariki. Umevumilia sana. Nimekutania mno, nisamehe."

Ilimpasa aweke mkono juu ya kichwa chake aseme neno. Mkono aliuweka. Neno halikutoka. Mlangoni mwa jikoni Visalakshi alikuwa anawatazama, na Kathiravan akaona haya ambayo hakuwahi kuiona maishani, haya ya kutamani kuvua ngozi. Kuomba radhi tu asingeweza. Aliona hata radhi yenyewe ingekuwa maneno mengine ya kutungwa.

Jioni ile alifungua kompyuta akatafuta nafasi ya karibu kuliko zote. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu. Akaichukua bila kufungua kitabu.

Ijumaa mchana alirudi, akamkuta mama yake sakafuni anachambua dengu kwenye ungo. Tangu Jumapili mama alikuwa anamwandalia chakula na kuondoka. Kathiravan akakaa chini mbele yake.

"Amma, nimefanya mtihani."

"Lini?"

"Leo. Saa nne na nusu."

Vidole vikasita kwenye ungo. Ijumaa saa nne na nusu ni saa ya nuksi, saa ambayo Visalakshi hajapata kununua hata chumvi.

"Nimepata mia tano na kumi. Vyuo nilivyokuwa nawatajia watu vinataka mia saba. Na usiseme ni ile saa, Amma. Saa haina kosa. Sikuyajua majibu. Hata ile Alhamisi nisingeyajua, ndiyo maana sikwenda."

Visalakshi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza katika siku tano.

"Maneno haya ni yako, au ya mnajimu?"

"Yangu."

Akaendelea kumtazama. Kisha akaweka ungo kando, akashika goti, akainuka taratibu. Kathiravan akanyoosha mkono kumsaidia, mama hakuushika.

"Nawa, ule," alisema. "Poongodi anatoka kazini mapema leo. Mimi nimeshasema uongo kwa ajili yako, na sitasema mwingine. Akija umwambie mwenyewe kwa nini alingoja."

Akampakulia wali kwa mtindi. Kathiravan alikuwa amekula matonge matatu aliposikia ndala zikivuliwa mlangoni. Akainuka, mkono umejaa wali, akamfuata mdogo wake.