Siku Niliyomwambia Ndugu Yangu Aongeze Mwendo

"Dada, wewe ukipanda gari na dereva anakimbiza, huwa unamwambia nini?"

Aliyeniuliza alikuwa kijana wa bodaboda aliyeketi mstari wa nyuma katika ukumbi mmoja wa Kaloleni, Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Kazi sikuwa nayo, nikawa nimejiunga na vijana wenzangu wachache tuliokuwa tukizunguka Kisumu kuwasihi madereva wa rika letu wapunguze mwendo. Nilikuja na chati. Nilikuja na picha za magari yaliyokunjamana, na maelezo ya umbali ambao gari huhitaji kabla halijasimama. Swali hilo halikuwa kwenye chati yoyote.

"Unamwambia apunguze," nikasema.

"Sijauliza mtu anafaa kusema nini. Nimeuliza wewe husema nini."

"Huyo huomba tu kimoyomoyo!" mwenzake akapaza sauti. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikafungua ukurasa uliofuata. Ukweli ni kwamba sikuwahi kusema chochote. Gari likikimbia mimi hutazama dirishani.

Jambo hilo lilinisumbua kwa sababu kwingine kote sikuwa mtu wa kunyamaza. Nimebishana na wachungaji, nimebishana na wahadhiri. Mama yangu alikuwa akiniita wakili asiye na mteja. Hata ndugu yangu mdogo alipopata leseni ya udereva sikumpongeza kabla ya kumhoji. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Katika shule ya udereva alikuwa amesimama majuma kadhaa mbele ya ubao uliochorwa barabara na mizunguko, akisukuma kigari cha kuchezea kwa vidole na kutaja kila ishara kwa sauti. Siku ya mtihani alisukuma kigari hicho mbele ya polisi, akaendesha gari la kweli kwa muda mfupi kuliko muda wa kunywa chai, akapita.

"Kwa hiyo umefuzu kuendesha ubao," nikamwambia.

"Na wewe umefuzu kuongea," akajibu. "Tuone nani atafika kwanza."

Aliendesha gari la baba polepole mno. Mtaa wetu mzima wa Migosi ulimjua. Watoto wa jirani walikuwa wakishindana naye kwa miguu kutoka langoni hadi dukani, na wakati mwingine walimshinda. Mimi mwenyewe nilimtania. Nilidhani ni woga wa mtu ambaye bado hajazoea.

Miezi michache baadaye rafiki yake wa tangu shule ya msingi akafa, karibu na njia panda ya Kisian. Alikuwa peke yake garini, saa nne asubuhi, barabara kavu, hakuna gari lililomkaribia. Alikuwa amekimbia tu. Walioshuhudia walisema gari lilipaa kama mtu aliyekanyaga moto, likatua kwa paa. Alikuwa na umri wa ndugu yangu.

Kwao kulikuwa Seme, mbele ya Kombewa kidogo, na mwili ulitoka mochari ya mjini siku ya Ijumaa. Mama wa marehemu alikataa kupanda gari la maiti. Alikataa pia gari la shemeji yake, kubwa na jipya, lililokuwa limefunguliwa milango likimsubiri. Alitembea uani mwa mochari, kitenge kimefungwa kiunoni, akapita magari yote, akafungua mlango wa nyuma wa gari la baba yangu na kuketi. Dadake akamfuata. Ndugu yangu alikuwa kwenye usukani, nami nilikuwa kando yake, kwa sababu mama yetu alikuwa ameniagiza: "Keti naye mbele umwongeleshe, asije akalia akiendesha."

Kwetu kijana akifa, wenzake humpeleka nyumbani kwa kelele. Matawi mabichi hufungwa mbele ya magari, taa huwashwa mchana kweupe, honi hazinyamazi. Pikipiki hutangulia kusafisha njia. Husemwa kwamba kifo kinafukuzwa, na kwamba kijana aliyesindikizwa kimyakimya hakuwa na marafiki. Nilikuwa nimeiona misafara hiyo tangu utotoni. Nilihoji ubatizo, nikahoji mahari, nikahoji hata wimbo wa shule. Hili la kukimbiza magari sikuwahi kulihoji hata mara moja.

Pale Kisian msafara ulisimama mahali alipofia. Vioo vilikuwa bado kwenye majani, vidogo vidogo, vinang'aa. Mchungaji aliomba kwa kifupi. Vijana kama thelathini walisimama wakitazama mchubuko mrefu juu ya lami, wengine wakilia waziwazi, na nikajisemea moyoni kwamba hapa hakuna haja ya chati zangu, barabara yenyewe inafundisha. Kisha mchungaji akasema amina. Pikipiki ya kwanza ikanguruma, ya pili ikaitikia, na kabla sijafunga mlango walikuwa wameshapinda kushoto kuelekea Kombewa kwa mwendo uleule uliomuua. Pale pale, tairi zao zikipita juu ya alama ya tairi zake.

Nilimtazama ndugu yangu nikitaka aniambie kwamba naye ameliona. Alitia gia, akatoka polepole, akabaki upande wetu wa barabara.

Wenzetu walitawanyika barabara nzima. Madereva waliokuja mbele yetu kutoka Bondo walilazimika kushuka kwenye mchanga. Mwanamke mmoja aliyekuwa na beseni kichwani aliruka mtaro, na samaki wake wa omena wakamwagika wote. Vijana walisimama juu ya viti vya pikipiki wakipunga matawi. Wengine walikalia madirisha ya magari, miguu ndani, viwiliwili nje. Gari la maiti nalo halikutaka kuachwa nyuma. Likachomoka mbele, na kati yetu nalo pengo likazidi kupanuka.

Pikipiki moja ikapunguza na kutusogelea dirishani. Ilikuwa na watu wawili, wa nyuma amesimama.

"Omera!" dereva akamwita ndugu yangu kirafiki, kwa Kijaluo. "Umebeba mayai?"

Ndugu yangu aliendelea kutazama barabara.

"Mama ya marehemu atapata tumeshazika! Hiyo ni gari ama ni ng'ombe?"

"Ng'ombe amefika kitambo," yule wa nyuma akasema, na wote wawili wakacheka, machozi bado mashavuni. Si kwamba walikuwa wabaya. Nilimjua mmoja wao. Alikuwa amebeba jeneza asubuhi ile.

Kisha gari la nyuma yetu likatupita likipiga honi, na jingine, na jingine tena. Mtu akachomoza kichwa na kusema neno ambalo sitaliandika. Nilimfikiria mwanamke aliyeketi nyuma yangu, mwanawe anakimbizwa mbele na yeye anaachwa na magari ya watu baki. Nilihisi macho ya msafara mzima yakituona sisi ndio tusiomheshimu marehemu.

"Ongeza kidogo," nikamwambia ndugu yangu. "Tunaaibika."

Akaendelea kwa mwendo uleule.

"Ongeza, bwana! Huoni wanatuacha? Huyu ni mama yake!"

Hayo ni maneno yangu. Nimejaribu mara nyingi kuyalainisha ninapoyakumbuka, lakini niliyasema hivyo, kwa sauti hiyo, na mkono wangu ukampiga begani. Mimi mwenye picha na maelezo.

Ndugu yangu hakunitazama. "Siz," akasema, "nyamaza ama ushuke."



Haukupita muda, dakika mbili labda. Wale wawili wa pikipiki walichoka kututania, wakaongeza mwendo na kukaa mbele yetu. Kulikuwa na tuta karibu na soko, rangi yake imefutika. Pikipiki iliruka. Dereva alirudi chini akiwa bado kwenye kiti. Yule wa nyuma hakurudi. Nilimwona hewani, tawi mkononi, uso wake ukiwa na mshangao tu, kisha akaanguka juu ya lami mbele yetu na kubingirika.

Ndugu yangu alikanyaga breki. Sauti ya tairi sikuisikia, nilisikia pumzi ya wanawake wawili nyuma yangu. Gari lilisimama. Niliposhuka niliona kwamba kati ya tairi yetu ya kushoto na kichwa cha kijana yule palikuwa na nafasi ya kulaza mkono mmoja, kuanzia kiwiko hadi vidole. Raba yake moja ilikuwa juu ya boneti.

Jambo ambalo bado sijaweza kulizoea ni hili: msafara haukusimama. Honi zilikuwa nyingi mno, hata honi ya ndugu yangu, aliyoibonyeza bila kuiachia, ilisikika kama sehemu ya maombolezo. Na dereva wa pikipiki ile aliendelea mbele akizungusha tawi lake, bila kujua kwamba kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nilimtazama hadi akapotea kwenye kona. Niliita. Nani angenisikia?

Kijana alikuwa hai. Paja lake lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipaswi kupinda. Wenye maduka walikuja mbio, wakatusaidia kumwinua kwa tahadhari. Nilimwambia mama wa marehemu kwamba tungemtafutia gari lingine, awahi kumpokea mwanawe.

"Gari gani?" akaniuliza. "Mleteni hapa."

Akakiweka kichwa cha kijana yule mapajani mwake. Dadake alibaki sokoni kutafuta usafiri. Njia yote hadi hospitali ya Kombewa ndugu yangu aliendesha kwa mwendo uleule wa awali, taa za tahadhari zikimetameta, na nyuma yangu nilisikia sauti moja tu.

"Nyathina, mwanangu, usilale. Niambie jina la mamako. Shule ulisomea wapi? Usilale, niambie ulikula nini asubuhi."

"Mandazi," kijana akanong'ona.

"Ngapi?"

"Mawili."

"Mandazi mawili na unataka kusimama kwa pikipiki? Endelea, niambie mengine."

Mwili wa mwanawe ulifika nyumbani bila yeye. Jeneza lilishushwa na kuingizwa ndani, nyimbo zikaimbwa, watu wakaulizana mama yuko wapi. Tulifika jioni jua likianza kulegea, kitenge chake kina damu. Mjomba mmoja wa marehemu alikuja moja kwa moja kwenye dirisha la ndugu yangu.

"Kijana, huna adabu? Mama ya mtu unamzungusha namna hii siku kama leo?"

"Mwacheni," mama wa marehemu akasema. Akashuka na kwenda kwa mwanawe.

Ndugu yangu alibaki kwenye usukani. Mikono yake ilikuwa imeganda hapo, nikalazimika kumbandua kidole kimoja kimoja. Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake nilimuuliza kama anataka maji.

Kwa majuma kadhaa sikuweza kusimama mbele ya watu. Ningewaambia nini? Kijana yule aliwekewa chuma pajani, akapona kwa kuchechemea. Dereva wake, niliambiwa, aligundua alipofika bomani kwa marehemu na kugeuka kumwambia rafiki yake ashuke.

Niliporudi ukumbini niliacha chati nyumbani. Sasa nawasimulia safari ile jinsi ilivyokuwa, nikianza na sehemu yangu. Nawaambia vijana kwamba dereva mchanga haendeshi peke yake. Anaendesha na sauti zote zilizo garini na dirishani, na siku ile sauti iliyokuwa karibu kumfanya ndugu yangu aue mtu ilikuwa ya dada yake aliyesoma. Nawaomba waanze kujizoeza mapema kusema "nyamaza ama ushuke", na abiria wajizoeze kusema "simamisha, nishuke". Wengine huguna. Wengine huuliza maswali ambayo bado siyawezi. Lakini hakuna anayenitania kwamba naomba kimoyomoyo.

Ilipita zaidi ya mwaka kabla sijaenda kumwona mama yule nyumbani kwake. Tuliketi nje, tukichambua mboga. Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa muda wote: kwa nini siku ile aliyapita magari yote mazuri akaingia kwenye letu?

Akaniambia kwamba wiki tatu kabla ya kufa, mwanawe alimpa ndugu yangu lifti kutoka mjini. Njiani ndugu yangu alimwomba mara mbili apunguze mwendo. Mara ya tatu akamwambia asimamishe gari, akashuka kwenye jua la saa saba, akarudi Migosi kwa miguu. Nyumbani kwetu hakuwahi kulitaja. Marafiki wengine wote walikuwa wakibaki garini.

"Mtoto wangu alinisimulia jioni hiyo tukila," mama akasema. "Alimwigiza rafiki yake akitembea kando ya barabara, shati limelowa jasho." Akaliweka jani chini. "Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikamwambia aigize tena."