Gauni Lililopigwa Bandi

Fundi cherehani tuliyemwita Mama Pindo alikuwa na sifa mbili: pindo zake hazifumuki, na sala zake haziishi. Akisema "tufumbe macho", aliyeacha sufuria jikoni ajue imeshaungua. Tulimcheka, lakini mtu akiuguliwa, wa kwanza kuitwa alikuwa yeye. Mama yule mimi namvulia kofia, tena kwa jambo lile lile ambalo wengine hulitaja wakimteta.

Yeye na wifi yake, mke wa kaka yake, walikuwa hawaivi chungu kimoja. Mama mzazi wa Mama Pindo alipofariki, wifi alisema mbele ya waombolezaji wote: "Amekufa na upweke wake. Binti yake ameolewa na cherehani." Neno hilo lilimkaa rohoni. Kanisani alisamehe kwa machozi, na akirudi nyumbani alikuta kinyongo kinamngoja palepale alipokiacha.

Kisha binti wa wifi akapata mchumba, akaja na kitambaa cheupe. "Shangazi, gauni langu ushone wewe." Angemkatalia vipi? Alimpenda kama wa kumzaa. Akashona mabega, akashona mikono, akatia shanga moja moja. Alipofika kiunoni, pale sketi inapoungana na kifua, yale ya msibani yakamrudia. Akapiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono ambayo fundi hushikizia nguo kwa muda tu kabla ya kupitisha cherehani. Cherehani hakupitisha. Akafunika kwa bitana, akapiga pasi. Bibi harusi akiinama kukata keki, kiuno kitaachia, na wifi ataonja aibu ya mbele za watu. Jioni hiyo aliongoza sala, na ilikuwa ndefu kweli kweli.

Siku ya kujaribu, binti alikuja na mama yake, ambaye alikaa kwenye benchi akiutazama ukuta. Gauni likampendeza mno. Binti akapiga magoti taratibu katikati ya vipande vya vitambaa.

"Shangazi, niombee kabla sijaondoka kwetu."

Mama Pindo akamwekea mkono kichwani. "Baba yetu mwema..." Akakwama. Yeye, wa sala zisizoisha! Akajaribu tena, kisha akauondoa mkono.

"Inuka, mwanangu. Vua gauni."

"Halijanipendeza?"

"Limekupendeza. Vua tu."

Akaligeuza ndani nje, akachana bitana, akavuta uzi mmoja. Sketi ikadondoka mezani.

"Wifi, niliacha hivi makusudi," akasema. "Nilitaka uaibike. Huyu mtoto hata sikumfikiria. Naomba mnisamehe."

Binti akashika mdomo. Wifi akainuka, akabana mkoba kwapani, akaelekea mlangoni. Mama Pindo alijua anachopoteza: wateja, jina, na nafasi yake kanisani. Hakumzuia. Akatia uzi kwenye cherehani.

Wifi alifika mlangoni, akageuka, akarudi.

"Haya, shona. Nakaa hapa hapa nikuone."

Akamkodolea macho mpaka mshono ukaisha. Akalichukua gauni, akavuta kiuno kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote. Hakikuachia.

"Na lile neno la msibani," akasema bila kuinua uso, "nililisema kwa ubaya. Nilijua ulikuwa unashona ili mama apate dawa."

Ndipo Mama Pindo akalia, na safari hii hakuwa akiongoza mtu yeyote.

Habari ilifika kanisani, maana alikwenda kuisema mwenyewe. Wapo wanaomteta mpaka leo, na waendelee. Mimi nilikuwepo siku ya harusi alipomwekea binti mkono kichwani. Aliomba maneno machache, akamtaja wifi yake kwa jina, akasema amina. Tulibaki tumefumba macho, tukingoja aendelee.