Majivu ya Nyumba Saba

Asubuhi ile Paskazia alikuwa amepiga magoti shambani kwao, nje kidogo ya Magu, akipapasa tuta. Kupapasa ni kuingiza vidole udongoni, ukatoa kiazi kilichokomaa bila kung'oa shina. Nkwabi, mumewe, alisimama na jembe begani, akimtazama mkono.

Getruda jirani yao akapita na ndoo kichwani. "Mama Masalu, shamba limenona kama bibi harusi!"

"Limenona mashavu tu," Paskazia akajibu. "Mwaka huu matembele tutakula mpaka tulie mee."

Getruda akacheka, akaenda zake. Nkwabi hakucheka. Mkono ulitoka na mzizi mwembamba kama mkia wa panya. Tuta la pili, hivyo hivyo. Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tano. Mahindi yalishanyauka. Viazi visipojaa hakuna michembe, vile vipande vya viazi vya kuanika, na kiangazi watu sita wa nyumba ile watakula nini?

"Si nilitia mbolea?" alisema. Duka la ushirika lilipofungwa, alikuwa ameinunua kwa mchuuzi wa barabarani.

"Umelisha majani, Baba Masalu. Hebu ona haya ya chini." Kingo zilikuwa za njano, zimebabuka kama zimepitiwa na moto. "Kwa mama tukiona hivi, udongo una njaa ya majivu. Yetu yako wapi?"

Nkwabi akainama. Miaka yote Paskazia alibeba majivu ya jikoni mpaka shambani. Mwaka ule bwana afya alisema majivu yanafukuza nzi, naye Nkwabi akaamuru yote yamwagwe chooni.

Basi Paskazia akachukua kikapu, akaomba majivu nyumba saba. Mpaka jioni ametia matuta manane, ameyafukia kwa mkono. Kesho yake homa ikamlaza. Nkwabi alikaa mlangoni, macho mara kitandani, mara mawinguni. Mvua ikikatika sasa, majivu yatabaki vumbi. Mvua ilinyesha. Siku ya nne Paskazia akafariki.

Mwezi wa sita Nkwabi alichimba. Matuta manane yalitoa viazi vya kujaza kiganja. Mengine, nyuzi tupu. Michembe iliwafikisha mwezi wa kumi. Kuanzia hapo waliomba chakula.

Siku moja kabla Paskazia hajafa, Nkwabi alimuuliza anajisikiaje. Paskazia alisema hivi: "Acha kunitazama mimi, Baba Masalu. Nenda katazame viazi. Kiangazi hamtanila mimi."