Mikanda Myeusi kwenye Picha ya Jicho la Dada

Dada yangu mkubwa alikuwa akishona sare za shule huko Kinoo. Alipoanza kugonga vikombe mezani na kuteremka ngazi kwa kupapasa, nilimwambia aje mjini, kwenye kliniki ya macho ninakofanya kazi ya kupiga picha za ndani ya jicho kwa mwanga.

Alikuja amevaa nguo ya kanisani. Nikamwonyesha pa kuweka kidevu, nikapiga. Picha ikatoka na mikanda myeusi kutoka juu hadi chini.

Akainamia skrini. "Hizo nyeusi ndizo zinanimaliza?"

"Hapana, hiyo ni mashine."

Nilimweleza nilivyoweza. Mwanga hupita ndani ya uzi mwembamba wa kioo, na mawimbi yake hutikisika kwa mwelekeo fulani. Uzi ukibanwa, mwelekeo huo hupinda. Mwanga unaorudi kutoka jichoni haulingani tena na ule ambao mashine hulinganisha nao, na picha huingia giza. Nikachungulia chini. Waliopiga deki walikuwa wamesogeza meza, mguu wake ukaukalia uzi. Niliutoa, nikaulaza vizuri, nikazungusha kirekebishi cha mwelekeo wa mwanga polepole hadi mikanda ikafifia, kisha ikaisha.

Dada akapiga makofi. "Mungu ni mwema!" Akampigia mama simu Kakamega palepale, akamwambia macho ni mazima, shida ilikuwa mashine.

Mimi nilikuwa nimeikodolea macho picha safi. Tabaka la neva ambalo mikanda ililificha lilikuwa limekonda. Kwenye jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha.

Daktari alipomwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi, dada hakulia. Alinigeukia mimi. "Si ungeiacha tu vile ilikuwa?"

Nilimshika mkono tukashuka ngazi.

Jioni nilimpigia mama mimi mwenyewe, nikamweleza alichosema daktari. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Jicho la kushoto lilizima kabla ya mwaka kuisha. La kulia tunalitia dawa kila siku. Dada amehamia kwangu, mtaa wa Jamhuri. Cherehani alimwachia jirani. Mara nyingine huketi sebuleni akikunja nguo za wanangu, akipapasa mishono. Akikuta nguo iliyofumuka, huiweka kando.