Picha ya Harusi Tusiyokuwa Nayo

Nyumba yangu imejaa makaratasi. Yako juu ya meza ya chakula, juu ya kabati la vyombo, mengine ndani ya sinia. Miezi minane nakimbizana nayo na nimechoka hoi. Mume wangu alizaliwa hapa Mji wa Kale, lakini alikulia ng'ambo na uraia wake ni wa huko. Tumeishi hapa miaka kumi. Sasa kazi yake ya bandarini Mbaraki imekwisha, anataka turudi kwao sote: yeye, mimi na binti zetu wawili. "Turudi," husema, kana kwamba mimi nimewahi kufika.

Cheti cha kadhi hakikuwatosha watu wa viza; barua yao ya mwisho ilitaka picha ya harusi, bwana na bibi pamoja. Bila ushahidi wa ndoa, yeye angekwenda na sisi tungebaki.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Picha gani? Siku ile mume wangu alikuwa msikitini na wanaume, babangu akaniozesha huko, nami niko nyumbani nimenyoosha miguu, hina haijakauka. Kwenye sherehe ya wanawake, shangazi yangu alisimama mlangoni na kikapu, akikusanya simu za wageni wote, asije mtu akatupiga picha vichwa wazi. Tulijisifu sana kwa heshima ile. Leo inanifanya nionekane sikuolewa.

"Vaa nguo yako ya harusi, mpigwe picha leo," shangazi akanishauri. "Nani atajua?"

Nikajaribu, aibu yangu. Nguo ilikwama mbavuni, na binti yangu mdogo akang'ang'ania kuingia kwenye picha. Niliivua nikalia kwa hasira.

Wakili wetu, mtu wa bara mwenye ofisi karibu na Mwembe Tayari, alitusikiliza akauliza: "Hakuna hata mmoja aliyewaona pamoja siku hiyo? Kiapo chake kitasimama badala ya picha."

Alikuwako. Kwetu, ndoa ikishafungwa, bwana harusi huletwa chumbani kumpa mkono mkewe. Mle chumbani walikuwamo wanawake wawili tu: somo yangu aliyenifunda, ambaye ameshafariki, na mama.

Na mama hataki kusikia habari ya safari. Nikitaja viza, huniuliza kama mchele umechambuliwa. Kila Ijumaa huwasuka binti zangu nywele, taratibu, akivuta muda. Nilimwomba jikoni kwake nikikuna nazi, nimempa mgongo, kwa sababu niliogopa kumtazama. Akaniuliza kama mchele umechambuliwa.

Asubuhi yake nikamkuta mlangoni kwangu, amevaa buibui, mkoba kwapani.

"Haya, twende," akasema. "Jua lisitukute ndiani."

Kwa wakili hakusita hata kidogo. "Nalimshika mkono kijana huyu, nikauweka kitwani mwa mwanangu. Akasoma dua. Nikamwambia, nakupa amana hii, nitunzia."

Wakili akaandika. Akamuuliza kama ana la kuongeza.

"Andika kwamba ni mkewe wa halali. Andika vizuri, baba, wasije wakamzuia."

Akatia sahihi, herufi moja moja, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilitamani ile karatasi niichane, na nilitamani pia wakili aigonge muhuri upesi kabla mama hajageuza nia. Akaigonga.

Tuliposhuka ngazi, mama alishika ukuta kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine. Katikati akasimama kupumzika.

"Siku ile nalikutoa, ukahamia mtaa wa pili," akasema. "Leo ndio nimekutoa."

Nilitaka kumwambia siendi. Nikampokea mkoba wake, tukamaliza ngazi zilizobaki.