Olive Atafuta Gitaa la Safari

Huko Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi ya Turkana, watu wengi walimjua Olive kwa mikono yake. Alikuwa msusi. Wanawake walitoka hata Kakuma Moja kuja kukaa kwenye kiti chake cha plastiki, ndani ya kibanda cha mabati alichokifungua alipomaliza shule, na walipoondoka nywele zilikuwa zimelala mistari iliyonyooka kama iliyochorwa. Mikono hiyohiyo ilikuwa na kazi nyingine. Tangu alipofika kambini na mama yake kutoka Uvira, akiwa bado binti mdogo, Olive alipiga gitaa katika kwaya ya kanisa, zile nyimbo za Kikongo ambazo gitaa hucheka juu juu na akina mama hujikuta wamesimama bila kuambiwa.

Muziki wa metali ulimfikia kupitia simu ya Gatjang. Huyu alikuwa jirani yake, kijana mrefu kutoka Sudan Kusini, mpole kiasi kwamba ukimsalimia alijibu akiangalia chini. Siku moja alimwekea sikioni wimbo ambao magitaa yalinguruma na mwimbaji akatoa sauti kutoka chini kabisa ya tumbo. Olive alidhani simu imeharibika. Kisha akaomba aurudie. Baadaye alisema ulimkumbusha mvua kubwa inavyopiga mabati, pale unapokuwa ndani na hakuna anayeweza kusikia unachosema, na kwa muda huo huna haja ya kumjibu mtu yeyote.

Bendi ikazaliwa hapo. Gatjang, yule mpole, ndiye aliyenguruma. Ebenyo, Mturkana wa mjini Kakuma, akaketi kwenye dramu. Besi hawakuwa nayo, kwa hiyo Olive alizilegeza nyuzi za gitaa lake mpaka zikashuka chini na kufanya kazi ya magitaa mawili. Wakajiita Vumbi Jeusi.

Shida ilikuwa hilo gitaa. Lilikuwa la mbao nyepesi, na joto la Turkana lilikuwa limeikunja shingo yake kidogo kidogo. Siku ya tamasha la vijana pale Kalobeyei, jua likiwa limesimama juu ya jukwaa, nyuzi zilianza kuteleza katika wimbo wa pili. Olive akakaza funguo. Zikateleza tena. Gitaa likatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Gatjang akamaliza wimbo kwa dramu pekee, na Olive akabaki amesimama na kitu kilichomgeuka mkononi, uso ukimwaka.

Ajabu ni kwamba siku hiyo hapo uwanjani alikuwepo mwanamke mmoja kutoka Nairobi, Chelangat, aliyekuwa akiandaa ziara ya bendi za metali. Yeye hakucheka. Aliwaita kando akawaambia kwamba dramu na sauti alizipenda, na kwamba hata katika lile vurugu la nyuzi alisikia vidole vinavyojua vinakokwenda. Alikuwa na safari ya Lodwar, Kitale, Eldoret na Nakuru, kisha Nairobi. Ruhusa ya kutoka kambini angewasaidia kuiomba. Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Hilo gitaa lisipande gari langu," alisema.

Jipya hawakuliweza, kwa hiyo wakachanga walichokuwa nacho na kuanza kutafuta lililotumika. Kule Kakuma Moja, Aregae, Mwethiopia mwenye mkahawa wa injera, alikuwa na gitaa ambalo mteja mmoja alimwachia amuuzie. Lilikuwa jekundu kama pilipili, lenye pembe mbili zilizochongoka, na liling'aa kama halijawahi kuguswa na vumbi. Gatjang alipoliona akasahau kukaa. Alilishika, akajitazama kwenye kioo cha mlangoni, na Olive akaona kwamba moyoni alikwisha kulinunua.

Olive alilipakata, akalegeza uzi mnene ili ushuke chini kama walivyozoea kupiga. Uzi wa pili ukapanda wenyewe. Akaushusha huo; wa tatu ukapanda. Nyuma ya gitaa, nyuzi zote zilikuwa zimevutwa na springi, ili mpigaji aweze kuziyumbisha kwa mkono mdogo wa chuma. Kahawa ilipoa mezani naye bado anahangaika. Halafu akainua gitaa usawa wa jicho, akatazama shingo kuanzia chini hadi juu, jinsi anavyotazama mstari wa kichwani kabla ya kuanza kusuka. Shingo ilikuwa imejipinda upande mmoja, kidogo sana, lakini ilikuwa imejipinda.

"Hii ni mzuri, kaka, lakini haiwezi safari," alimwambia Gatjang. "Nyuzi zake zinaegemeana. Moja ikikatika jukwaani, zote zinaniacha."

"Watu wanatuona mbele ya kutusikia, Olive."

"Kule Kalobeyei walituona vizuri sana."

Gatjang akaweka kikombe chini, akatoka. Kwa siku kadhaa hakuja mazoezini, na ilipofika jioni Olive na Ebenyo walikaa wawili tu, dramu na gitaa bovu. Olive alianza kujiuliza kama si kiburi kinachomsumbua. Huenda gitaa jekundu lingestahimili. Huenda safari yote ingevunjika kwa sababu ya shingo iliyopinda upana wa unywele.

Aliyemtoa hapo ni Aregae mwenyewe. Alipita kibandani kwa Olive akimleta mkewe kusukwa, na wakati kazi ikiendelea akamwambia kwamba angefurahi kuuza, lakini asingependa kuwauzia majirani kitu cha kuwaaibisha. Akamtajia mzee mmoja wa Lodwar, Cornelius Lomuria, aliyewahi kupiga muziki hotelini na sasa alikuwa akichora mabango ya maduka. Huyo alikuwa na gitaa, na lilikuwa limepigwa kwelikweli.

Ruhusa ilipopatikana, Olive na Ebenyo wakateremka Lodwar. Walimkuta mzee ng'ambo ya daraja la Turkwel, amechuchumaa mbele ya bango la duka la simu, brashi mkononi. Ebenyo akamwamkia, "Ejok," wakazungumza Kiturkana kwa muda, kisha mzee akaingia ndani akatoka na gitaa bila mfuko.

Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokaa sana jikoni. Kingo zilikuwa zimechubuka, na pale mkono wa kulia unapolala rangi ilikuwa imeliwa hadi mbao. Ebenyo alimtazama Olive kwa jicho la huruma. Olive alilipokea, na kitu cha kwanza alichokihisi ni uzito wake. Akaitazama shingo: imenyooka. Nyuzi zilipita kwenye kipande cha chuma kilichokazwa kwa skurubu kwenye mbao, bila springi wala mkono wa kuyumbisha. Akabonyeza kila uzi katika kila hatua ya shingo, moja baada ya nyingine, akisikiliza kama kuna unaokwaruza. Mzee akaendelea na bango lake kana kwamba hasikilizi.

Walipoliunganisha kwenye spika, kitufe cha sauti kilitoa mkwaruzo mkubwa na tundu la waya likakatakata mlio. Ebenyo akatikisa kichwa. Olive akaomba bisibisi, akalikaza tundu, akakizungusha kitufe mbele na nyuma mara nyingi mpaka mkwaruzo ukafifia. Ilikuwa vumbi tu. Vumbi hutoka. Shingo ikishapinda hairudi.

Kisha akalegeza nyuzi zikashuka hadi walikotaka, akavuta pumzi, na kuomba jambo ambalo alijua si la adabu.

"Mzee, nisamehe. Naomba tuiweke kwa jua."

Cornelius akageuka. Alicheka mpaka akalazimika kuweka brashi chini. Alisema watu kadhaa walikuja kulitaka lile gitaa, wote wakauliza limetoka nchi gani, na hakuna aliyewahi kuuliza kama linaweza kukaa Lodwar. Akalilaza mwenyewe juu ya kiti nje, wakaingia ndani, wakanywa chai, wakala samaki aliyeletwa kutoka Kerio, wakaongea habari za mvua. Olive alikula bila kujua anakula nini. Macho yake yalikuwa mlangoni.

Walipolichukua, mbao zilikuwa na joto la kuchoma vidole. Akapiga uzi mnene. Ulikuwa palepale alipouacha. Akapiga zote sita, na zote zilikuwa palepale. Basi akafungua sauti na kupiga wimbo mzima wa Vumbi Jeusi, Ebenyo akimfuata kwa mikono juu ya ndoo ya rangi, na watu wa jirani wakatoka kuona ni lori gani limewaka.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Mimi nilipigia watu waliokuwa wanakula," alisema. "Wewe peleka kwa watu waliosimama." Wakakubaliana bei bila mvutano.

Gatjang alilisikia kabla ya kuliona. Alikuwa akipita karibu na chumba cha mazoezi, akasimama mlangoni, akasikiliza wimbo mmoja, wa pili, kisha akaingia na kushika maiki. Jioni hiyo alilibeba gitaa mwenyewe hadi nyumbani kwa kina Olive, amelikumbatia kama mtoto anayelala.

Safari ikaanza Lodwar, na mzee Cornelius alisimama mbele kabisa, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua bango lake. Baada ya hapo ikawa barabara. Kabla ya Kainuk gari lilirukia shimo, mizigo ikaanguka, gitaa likawa chini ya masanduku yote; walipolitoa lilikuwa limeongeza mchubuko mmoja na halijapoteza sauti hata moja. Kitale iliwapokea kwa baridi na manyunyu ambayo yangelitia kichaa lile la zamani. Hili lilikaa.

Eldoret, katikati ya wimbo mrefu kuliko zote, uzi mwembamba ulikatika na kumpiga Olive shavuni. Gatjang alimgeukia, macho yamemtoka. Nyuzi tano zilizobaki hazikutikisika. Lakini sehemu yake ya peke yake ilikuwa inakuja, na ilitegemea uzi ule. Hakukuwa na nafasi ya kufikiri, na vidole vyake vikaenda vinakokujua tangu utotoni: vikapiga sebene ya Kikongo, nyepesi na ya kuchekacheka, juu ya dramu nzito za Ebenyo. Vijana wa mbele, wenye fulana nyeusi, walitazamana. Kisha mmoja akaanza kucheza kwa kiuno, wa pili akafuata, na muda si muda umati mzima ulikuwa unarusha vichwa juu na viuno chini, na Gatjang, badala ya kunguruma, alikuwa anacheka ndani ya maiki.

Kuanzia hapo waliiacha sebene ndani ya wimbo huo. Mtu alikuwa ameirekodi kwa simu, na walipofika Nakuru watu walikuwa wanaiomba. Nairobi waliimba pamoja nayo.

Huko Nairobi walipangiwa alasiri, kabla ya bendi kubwa za mjini. Walipomaliza, Chelangat alisimama kando ya jukwaa akiwaonyesha saa ya mkononi: muda wao umekwisha. Umati haukutaka kusikia. Nyuma yake alisimama mpiga gitaa wa bendi iliyofuata, gitaa lake zuri jipya limekwisha kuning'inia begani. Aliwatazama watu, akamtazama Olive, akalivua gitaa lake na kuliegemeza ukutani.

"Endelea, dada," alisema. "Sisi tunangoja."

Olive akamgeukia Ebenyo, na Ebenyo tayari alikuwa ameinua fimbo zake.